Bomba la Victoria limefika, ndege wa Igombe wamebaki na nani?

Kuna jambo hapa Tabora hatulizungumzii na mimi naona muda wake ndo huu. Maji ya Ziwa Victoria yameshafika mjini, ule mradi mkubwa wa mkopo wa Exim Bank ya India, dola milioni 268 na ushee, uliopita Nzega na Igunga mpaka kwetu, na kila mtu alishangilia na mimi nilishangilia, maana aliyewahi kukaa foleni ya ndoo Tabora mwezi wa tisa na wa kumi hawezi kununa maji yakija. Ila sasa tujiulize kitu kimoja. Bwawa la Igombe, ambalo kwa miaka na miaka ndo lilikuwa roho ya mji huu, lililindwa kwa sababu tulikuwa tunalinywa. Hakuna aliyekuwa analinda ndege pale, tulikuwa tunalinda bilauri ya maji, ndege walipata hifadhi ya bure tu. Sasa bilauri inajazwa na bomba kutoka mbali huko, uzito wa Igombe mjini umepungua, na mimi nimetembelea bwawa mara nyingi kiasi cha kusema kwamba kama hatutalipa sababu mpya ya kulindwa, baada ya miaka michache tutakuwa na shamba la nyanya lenye dimbwi katikati.

Najua mtu atasema huyu naye, watu hawana ajira yeye anaongelea ndege. Subiri kwanza.

Kwa wasiopajua, unatoka mjini kuelekea kaskazini kwa bodaboda au gari, miembe ya mjini inaisha, unaingia kwenye miti ya miombo iliyobaki na mashamba, kisha maji yanatokea ghafla maana nchi yetu ni tambarare huoni chochote mpaka ufike. Ukitaka ndege nenda mapema, saa kumi na mbili na nusu uwe umeshafika, ikifika saa nne jua limekuwa kali na wao wamejificha na wewe utaona vijana na baiskeli za samaki tu. Asubuhi hiyo ndo utaona mnandi wamejipanga kwenye miti mikavu wameanika mabawa, yangeyange wanafuata ng'ombe, kwarara wanapita wanapiga kelele kama kawaida yao, tai mla samaki anaita kichwa amekirudisha nyuma, na mdiria yule wa madoa meusi na meupe anasimama hewani sehemu moja mabawa yanapiga haraka haraka halafu anadondoka kama jiwe, akitoka na kidagaa anakipigapiga kwenye mti mpaka kinalegea ndo anameza.

Lakini ndege wangu mimi ni sile-maua, yule mwenye rangi ya kahawia ya kutu, paji la uso la bluu, vidole virefu hata havieleweki, anayetembea juu ya majani ya mayungiyungi kana kwamba yuko barazani. Simama ukae kimya umuangalie. Kwa hawa ndege jike ni mkubwa kuliko dume na anaweza kuwa na madume kadhaa, anataga anaondoka, dume ndo anatamia na kulea. Kukiwa na hatari baba anainama anawabeba watoto chini ya mabawa yake na anatembea nao, unaona vimiguu vyao virefu vinaning'inia pembeni, unaweza kudhani ni ndege mmoja mwenye miguu minane. Nimewaonyesha hii kitu watu wazima na heshima zao wakacheka mpaka basi. Na ndege huyu bila mayungiyungi hayupo, na mayungiyungi bila maji yaliyotulia hayapo. Ndo maana nasema ishu hapa siyo ndege peke yao, ishu ni maji na ukingo wake.

Ukingo, hapo ndo penye kesi yote, na watu wengi hawaelewi kwa nini. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na bwawa limetajwa humo. Wote tunaijua mita 60, kila kiongozi akija anaitaja. Swali ni mita 60 kutoka wapi? Tabora kuna msimu mmoja wa mvua, Novemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo maji yanashuka mpaka mvua irudi. Na kwa sababu ardhi ni bapa, maji yakishuka mita moja tu kwenda chini, ukingo unarudi nyuma mbali sana, linabaki tope zuri jeusi lenye rutuba. Mkulima akiliona tope hilo anaona mchicha, matango, nyanya, na kiukweli siwezi kumlaumu, ni bustani isiyohitaji kumwagiliwa sana na soko la mjini liko karibu. Anafuata maji yanavyorudi nyuma. Tatizo ni kwamba kipande hicho hicho cha tope ndo jikoni kwa ndege wa miguu mirefu, wale wanaochokoa wadudu na minyoo kwa mdomo, na wengi wao wanatoka mbali kweli, Ulaya na Asia, wanafika kwetu kuanzia mwezi wa tisa na wa kumi wakati bwawa liko chini kabisa. Yaani mgeni anafika na jikoni limeshalimwa, limewekwa mbolea, limepigwa dawa ya wadudu. Halafu mvua ya kwanza inabeba udongo uliolegezwa na jembe pamoja na hiyo dawa, vyote vinaingia bwawani, mwaka unaofuata kina kimepungua kidogo, ukingo unarudi nyuma zaidi, bustani inasogea zaidi. Hakuna mtu mbaya hapo katikati. Kuna mstari ambao haujawekwa.

Kwa hiyo mita 60 zipimwe kutoka pale maji yanapofika bwawa likijaa, na pawekwe nguzo, siyo bango. Bango linasomwa mara moja halafu linageuka bati la kuezekea banda la kuku.

Watu wa Delhi wameshapita hapa na hadithi yao inafundisha zaidi kuliko semina zetu nyingi. Pembeni kabisa ya jiji lile la India, upande wa mji wa Noida, kuna hifadhi ya ndege inaitwa Okhla. Nayo haikuumbwa hivyo, walijenga banio kwenye mto Yamuna, likakamilika 1986, maji yakatuama nyuma yake, ndege wakajileta wenyewe, na 1990 serikali ya jimbo ikaitangaza kuwa hifadhi, kilomita za mraba kama nne tu. Ndogo. Lakini zimeorodheshwa aina zaidi ya 300 za ndege hapo, karibu na daraja lenye foleni ya magari na mto ambao uchafu wake unatoa povu jeupe kama sabuni ya kufulia. Sasa jiji likakua, majengo ya ghorofa yakaanza kuota kuizunguka hifadhi, na mwaka 2013 mahakama yao ya mazingira ikasimamisha mambo, kwamba ndani ya kilomita 10 hakuna kukabidhi majengo mpaka ipatikane ruhusa ya wanyamapori na mpaka wa eneo nyeti la kuizunguka hifadhi utangazwe. Watu waliokuwa wameshalipia nyumba wakabaki wanaranda na risiti mkononi, makampuni ya ujenzi yanalia, wanamazingira wanalia. Agosti 2015 wizara ikatangaza mpaka: mita 100 kwa pande tatu na kilomita 1.27 upande wa kaskazini. Kutoka kilomita 10 mpaka mita 100. Hiyo ndo bei ya kuchelewa kuweka mpaka, mji ukishafika mlangoni huna tena nguvu ya kupanga, unagombea makombo.

Tabora bado hatujafika huko, na ndo utamu wa kuwa mji wenye watu laki tatu na kidogo ambao bado unasubiri kuitwa jiji. Kila siku tunasikia mji unapanuka, viwanja vinapimwa, reli ya kisasa inakuja, watu wananunua ardhi kaskazini bila hata kuiona. Mpaka ukiwekwa leo hautamkuta mtu na ghorofa lake. Ukiwekwa baada ya miaka kumi utamkuta mtu, na mtu huyo atakuwa na hati, na atakuwa na mjomba mahali fulani.

Mfano wa pili ni wa London na huu ndo unaofanana na sisi karibu kila kitu. Kule kusini magharibi mwa jiji, sehemu inaitwa Barnes, kulikuwa na mabwawa manne ya zege ya kuhifadhi maji ya kunywa, yaliyojengwa enzi za malkia Victoria. Baadaye wakachimba handaki la kusambaza maji kuzunguka London, kilomita 80 chini ya ardhi, likakamilika miaka ya 1990, na mabwawa yale yakakosa kazi. Unaona inavyofanana? Bomba jipya limekuja, bwawa la zamani linaulizwa wewe sasa wa nini. Kwenye jiji ambalo kiwanja kina bei ile, ungetegemea wafukie wajenge nyumba. Walichofanya ni ujanja, kipande kimoja cha ile ardhi wakauziwa Berkeley Homes wajenge makazi, na hela iliyopatikana ikatumika kuvunja zege, kuchonga visiwa, kupanda matete na kutengeneza ardhi oevu ya hekta kama 42. Ikafunguliwa mwaka 2000 kwa jina la London Wetland Centre, inaendeshwa na shirika la hisani, watu wanalipa kiingilio, watoto wa shule wanapelekwa, na kuna vibanda vya mbao vyenye matundu ya kuchungulia ili ndege wasikuone.

Kitu ambacho mimi kilinivutia kuhusu sehemu ile siyo vibanda, ni milango ya maji. Kila bwawa dogo lina kina chake na wafanyakazi wanaweza kupandisha na kushusha maji, wakitaka ndege wa tope wanashusha tope lionekane, wakitaka bata wanaacha maji yajae. Hicho ndo kitu bwawa lililotulia kwenye mikono ya mtu linaweza kukupa ambacho ziwa la asili halikupi. Igombe ina tuta lake tayari. Kwa kuwa sasa mji hauning'inii kwenye bwawa moja kama zamani, tunaweza angalau kuanza mjadala kwamba kiangazi yasishuke chini ya kiwango fulani, mjadala ambao wakati ule watu wana kiu ungekuwa matusi. Hii nafasi ni mpya. Wazee wetu hawakuwa nayo.

Sasa niwageukie wenzangu wa vijijini maana najua wanacheka. Ukimwambia mkulima wa mpunga wa Nzega au Igunga neno hifadhi ya ndege, kichwani kwake anapata picha moja tu, kwelea kwelea. Na ana haki. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, ni kidogo mno, ila wanakuja kwa mamilioni, na kundi la milioni moja ni tani 10 kwa siku, mtoto anaacha shule akae shambani na kombeo na debe. Mbaya zaidi kwelea wanapenda kulala kwenye matete na miti ya miiba karibu na maji, kwa hiyo mtu akisema tuache matete yaote Igombe, mkulima atauliza kwa hiyo mnawafugia? Hili swali watu wa mazingira huwa wanalikwepa wanaanza kuongelea uzuri wa asili. Mimi nasema lijibiwe. Makundi ya kwelea yanahama yanafuata mbegu za nyasi na mvua, hayasubiri hifadhi. Na njia tunayotumia sasa, ndege ya serikali inakuja jioni kunyunyizia sumu kwenye malalo, ile sumu ya fenthion haichagui, inaua na yangeyange na bundi na tai aliyekula kwelea aliyelewa sumu, na tai na bundi hao hao ndo wanaotusaidia kupunguza panya na kwelea wenyewe. Bwawa likiwa na watu wa kudumu wanaoangalia ndege kila siku, malalo ya kwelea yatajulikana mapema yakiwa madogo, na wanaweza kunaswa kwa nyavu kama wenzetu wa Kondoa wanavyofanya siku zote, na nyama ni kitoweo kizuri tu. Mlinzi wa ndege ndo huyo huyo mtoa taarifa za kwelea. Hapo mkulima ataanza kusikiliza.

Kuna na suala la mkosi. Usijidanganye kwamba watu wote wanampenda ndege. Fundichuma, yule wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, anayejenga kiota cha vijiti kinachoweza kufika mita moja na nusu upana, kuna watu wakimuona ametua kwenye paa wanahama usingizi. Nilipokuwa ukingoni siku moja nikamsalimia mzee mmoja mvuvi, mwangaluka baba, akaitikia vizuri, tukapiga stori za kambale na perege waliopungua, lakini nilipomuonyesha kiota cha fundichuma akaniambia pale huwa hapiti jioni na hataki mtu akiguse. Nikafikiri, basi hiki kiota kina ulinzi kuliko msitu wa serikali. Imani zinaweza kuua ndege na zinaweza kumlinda, inategemea umezikuta wapi.

Waganda wanalijua hili vizuri. Kuna kinamasi kinaitwa Mabamba, kando ya Ziwa Victoria, siyo mbali na Entebbe na Kampala, ndo sehemu maarufu ya kumuona korongo domokiatu, yule mkubwa wa rangi ya kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao na sura ya hakimu. Wavuvi wa pale walikuwa wanaamini ukimuona asubuhi hupati samaki siku hiyo, kwa hiyo walikuwa wanamfukuza na kumuua. Leo wavuvi hao hao na watoto wao ndo wanaokodisha mitumbwi kwa wageni na kuwaongoza kumtafuta, na kinamasi kiliingia kwenye orodha ya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2006. Haikuwa mahubiri. Ilikuwa kwamba ukimuona asubuhi sasa hivi unapata hela siku hiyo. Mkosi umegeuka tu upande.

Na hapa Tabora tunajisahau kitu kikubwa. Huyo domokiatu ambaye watu wanapanda ndege ya abiria kwenda Uganda kumuangalia, anaishi kwetu pia, kwenye ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, inayogusa mkoa wetu na Kigoma na majirani. Ndo eneo la kwanza la Tanzania kuingia kwenye mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, hekta milioni 3.25, kubwa kuliko nchi kadhaa. Na mto Igombe, ambao sisi tumeuzuia kwa tuta tukapata bwawa, ni mmojawapo wa mito inayolisha eneo hilo. Kwa hiyo mtu wa mjini Tabora anayetupa kopo la dawa ya tumbaku pale juu anatuma zawadi huko chini. Kwenda kinamasi chenyewe ni safari, gari la kupanda vilima, mvua ikinyesha umekwama, siyo kwa familia ya kawaida ya Cheyo au Isevya yenye Jumapili moja na nauli ya bodaboda mbili. Igombe ndo mlango wa mtu wa kawaida kuingia kwenye hiyo dunia, na bwawa la Kazima nalo ambalo liko karibu zaidi na mji. Domokiatu hutamuona hapo, nisikudanganye. Ila mtoto aliyemuona baba wa ndege kabeba watoto kwapani siku moja atataka kujua na huyo wa Malagarasi.

Nikumbushe kituko kimoja maana nakipenda. Mwaka 1822 huko Ujerumani, kijiji cha Klütz, walimpiga risasi korongo mweupe wakakuta shingoni ana mti wa mkuki wa Kiafrika umetoboa, sentimita kama 80, na ameruka nao mpaka Ulaya. Kabla ya hapo wasomi wao wengine walikuwa wanadhani ndege wakipotea kipindi cha baridi wanalala chini ya maji au wanageuka kuwa ndege wengine. Korongo yule bado yupo chuo kikuu cha Rostock, amekaushwa na mkuki wake. Yaani aliyewafundisha Wazungu kwamba ndege wanahamia Afrika ni Mwafrika mmoja aliyekosa kitoweo, na jina lake halijaandikwa popote. Korongo weupe wale wanaopita kwetu kwenye mashamba msimu wa mvua ni ukoo huo huo.

Hofu yangu kubwa kuliko bustani za nyanya ni neno uwekezaji. Tunajijua. Mahali pakishaitwa kivutio Tanzania hii, wiki inayofuata kuna banda la makuti, spika mbili ukubwa wa kabati, nyama choma, Jumapili laivu bendi, na boti la injini lenye vijana wanapiga selfi wakizungushwa katikati ya mayungiyungi. Sina ugomvi na nyama choma, nakula sana tu na ndizi na pilipili. Lakini mnandi mwenye kiota akifukuzwa kwenye mayai nusu saa jua la Oktoba linatosha kuyapika. Weka bar upande wa tuta, upande mmoja tu, spika zigeukie barabarani, injini zisiingie majini, mitumbwi ya kasia ibaki mikononi mwa wavuvi wa hapo hapo. London nao waliuza kipande ili kipande kikubwa kipone, hakuna ubaya kujifunza ujanja wa wenye nacho, ubaya ni kuuza kipande halafu na kikubwa.

Kuna kazi nyingine ya bure kabisa ambayo inanishangaza haifanyiki kwa nguvu. Kila Januari kuna sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, watu wanakwenda kwenye mabwawa na maziwa dunia nzima siku zinazokaribiana wanahesabu. Haihitaji digrii. Tuna shule za sekondari zenye majina makubwa nchi nzima, tuna vyuo, tuna vijana wenye simu, ile aplikesheni ya Merlin ni ya bure inakusaidia kumtambua ndege kwa picha na sauti, na eBird inatunza hesabu yako. Ramsar wana vigezo, bwawa likiwa na ndege wa maji 20,000 mara kwa mara, au asilimia moja ya ndege wote wa aina fulani, linastahili kuombewa hadhi ya kimataifa. Siahidi Igombe inafika huko. Nasema bila hesabu za miaka mitano mfululizo huwezi hata kwenda kubishana na ofisi yoyote, utaambiwa ndege wapo wengi tu, wengi kama nini? Mwenye daftari la Januari hadi Januari anaongea na mkurugenzi kwa sauti nyingine.

Tukija kwenye hela, maana lazima mtu aulize. Mimi sitaki geti la kifahari wala jumba la wageni. Nguzo za zege kuzunguka mstari wa maji ya juu, vijana wanne au sita wa vijiji vya hapo walioajiriwa rasmi na wanaojua ndege kwa majina yao ya Kinyamwezi na ya vitabuni, kibanda kimoja cha mbao chenye matundu upande wa magharibi ili asubuhi jua liwapige ndege... hapana, hapo wapiga picha watanibishia, wengine wanataka jua mgongoni, basi kibanda kikae mashariki. Darubini tano za kukodisha. Wakulima wa tope wapewe kipande nje ya mstari na pampu ndogo, maana ukimtoa mtu kwenye tope bila kumpa maji atarudi usiku, na mimi ningerudi. Gharama yake yote haifiki hata posho za vikao vya wadau tunavyovijua. Na kama lazima kikao kiwepo, basi kifanyike Igombe kwenyewe saa moja asubuhi mwezi wa kumi, wajumbe wakiwa wamesimama kwenye lile tope, chai na sambusa zitafuata baadaye.